Mkanda wa injini ni mpya lakini bado unalia: anza kuchunguza wapi?

*"Fundi, habari za kazi. Nimenunua gari lililotumika, lina miaka 14 na limetembea kilomita 187,000. Kila asubuhi nikiliwasha linapiga kelele kali, kwiii, kwa kama nusu dakika, halafu linanyamaza. Nikikata usukani mpaka mwisho kelele inarudi. Injini ikishapata moto inabaki sauti nyingine ndogo, kama kifaranga, na inazidi kwenda haraka nikikanyaga mafuta. Miezi mitatu iliyopita niliwekewa mkanda mpya, kelele ikaisha wiki mbili tu. Fundi mmoja alipulizia dawa ya mkanda, ikanyamaza siku mbili. Mwingine anasema nibadilishe alteneta, pampu ya stelingi na mikanda yote. Aliyeniuzia hakunipa kumbukumbu yoyote ya matengenezo. Je, niendelee kuliendesha? Na kubadilisha mkanda naweza kufanya mwenyewe? Nina spana za kawaida na siogopi kuchafuka."*

Salama, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu umefanya kitu ambacho wengi hawakifanyi: umeisikiliza kelele. Umesema inatokea saa ngapi, umesema nini kinaiamsha, na umegundua kuwa sauti ni mbili, si moja. Hiyo ni nusu ya uchunguzi, na nusu hiyo fundi hawezi kukufanyia kama gari linafika kwake likiwa limeshapata moto na limenyamaza.

Nikikuelewa vizuri, unaogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba gari litakuzimikia njiani. La pili, kwamba utanunua alteneta na pampu, utoe hela nyingi, kisha kesho yake asubuhi usikie kelele ileile. Hofu ya pili ina msingi kabisa, kwa sababu kwa maelezo uliyonipa sioni ushahidi wowote kwamba alteneta au pampu imekufa. Iko hofu ya tatu ambayo hukuitaja, na hiyo ndiyo ingeninyima usingizi mimi kama gari lingekuwa langu. Nitaifikia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia mkanda gani. Ukifungua boneti, ubavuni mwa injini utaona mkanda mweusi unaozunguka kwenye puli kadhaa, yaani vigurudumu vinavyozungushwa na mkanda. Kwenye magari mengi ya umri wa hilo lako ni mkanda mmoja mrefu, mpana, wenye mbavu nyembamba upande wa ndani. Magari ya zamani zaidi yana mikanda miwili au mitatu myembamba ya umbo la V, kila mmoja na kazi yake. Kazi yenyewe ni kuchukua nguvu kwenye puli ya krenki (shafti kuu ya injini), ile ya chini kabisa, na kuigawa: alteneta inayochaji betri, pampu ya stelingi, kompresa ya AC, na kwenye injini nyingi pampu ya maji pia. Huo ndio unaokupigia kelele. Mkanda wa taiming ni mwingine kabisa, umefichwa nyuma ya kifuniko, una meno, na habari yake ni tofauti.

Sasa, kwa nini mpira ulie? Mkanda hauvuti puli kwa meno, unavuta kwa kung'ang'ania tu. Mbavu zake zinajibana kwenye mifereji ya puli, na msuguano ndio unaobeba mzigo wote. Mzigo ukizidi uwezo wa kung'ang'ania, mkanda unateleza kidogo, unashika tena, unateleza, unashika, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Mtetemo huo ndio sikio linausikia kama mlio mkali.

Ndiyo maana asubuhi ndiyo saa yake. Stata imetoka kunyonya umeme mwingi kwenye betri kwa sekunde chache, na mara injini inapowaka, alteneta inaanza kuurudisha kwa nguvu zake zote. Alteneta inayofanya kazi hivyo inakuwa nzito kuzungushwa. Puli yake ni ndogo kuliko zote, mara nyingi inazunguka mara mbili hadi tatu kila krenki inapozunguka mara moja, na sehemu ya mkanda inayoishika ni fupi. Ongeza mpira uliopoa usiku kucha na umande kidogo: hapo ndipo panapoteleza kwanza. Baada ya nusu dakika betri imeshapata sehemu ya haki yake, mzigo unapungua, mkanda unashika, kimya. Usukani nao ni vivyo hivyo. Ukiukata mpaka mwisho, shinikizo ndani ya pampu linapanda mpaka kiwango chake cha juu, pampu inakuwa nzito, mkanda unashindwa. (Kwa hiyo usiushikilie usukani mwisho kabisa zaidi ya sekunde chache, hata kama gari halina kasoro, unaichosha pampu bure.)

Unaona tayari: kelele zako za asubuhi na za usukani zinasema kitu kimoja, kwamba mkanda unateleza ukibebeshwa mzigo. Hazisemi kwamba kilicho mwisho wa mkanda kimeharibika. Alteneta nzima kabisa itasababisha mkanda uliolegea ulie. Pampu nzima kabisa pia.

Ile sauti ya kifaranga ni habari nyingine. Mlio mfupi unaojirudia, unaofuata kasi ya injini, kwa kawaida unatokana na mkanda kuingia kwenye puli ukiwa umepinda. Puli moja ikikaa nje ya mstari wa wenzake hata kwa milimita mbili tatu, au ikainama kidogo, mbavu za mkanda zinasugua ukuta wa mfereji kila zinapoingia. Cherr, cherr, cherr. Mvutano hata ukiwa sawasawa, sauti hiyo haiondoki.

Sasa basi, kuna kifaa kimoja ambacho kikichoka kinaweza kuleta vyote viwili kwa pamoja: kikaza mkanda, ambacho mafundi wengi wanakiita tenshena. Ni mkono wenye springi ndani na puli kichwani, unaousukuma mkanda ili ukae umekazika muda wote. Springi ikilegea, mvutano unapungua na mkanda unateleza. Bushi ya mkono huo ikilika, mkono unalala upande, puli yake inainama, na mkanda unaanza kulia kama kifaranga. Gari la kilomita 187,000 lisilo na kumbukumbu, lililobadilishiwa mkanda peke yake na kelele ikarudi baada ya wiki mbili: ningeanzia hapo kuangalia, kabla ya kitu kingine chochote. Sikuambii kwamba ndicho, maana sijaligusa gari. Nakuambia ndicho cha kwanza kushukiwa, na kukipima hakukugharimu chochote.

Kuhusu ile dawa ya kupulizia, tafadhali usiruhusu tena. Inaufanya mpira unate, kwa hiyo kwa siku moja mbili mkanda unashika. Kisha inakusanya vumbi, inageuka uji mweusi ndani ya mifereji, na unateleza kuliko mwanzo. Mtengenezaji wa mkanda wa mbavu hategemei kupakwa kitu chochote. Kama mkanda wako ulipuliziwa, hesabu kwamba puli zote zitahitaji kusafishwa, na pengine mkanda wenyewe umeshaharibika ingawa una miezi mitatu tu.

Jingine ninalolisikia kila mara ni "kaza zaidi." Kwenye mikanda ya zamani ya V, ambayo unaikaza mwenyewe kwa kusogeza alteneta, ni kweli kelele itaisha ukikaza sana. Lakini umeihamishia kwenye beringi za alteneta na pampu ya maji, zinazovutwa upande mmoja usiku na mchana mpaka zinakufa. Mkanda wa V ukiubonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, katikati ya nafasi ndefu kati ya puli mbili, unapaswa kuingia kama sentimita moja hivi. Usipoingia kabisa, umezidisha. Kwenye mkanda wenye tenshena ya springi hakuna cha kukaza. Ama springi inafanya kazi au haifanyi.

Wengi pia wanaupima mkanda kwa kutafuta nyufa tu. Kanuni hiyo ilifaa sana enzi za mikanda ya neoprini, iliyopasuka ilipozeeka. Mikanda mingi ya mbavu ya miaka ya karibuni imetengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM, ambao haupasuki kirahisi. Unalika taratibu kama tairi. Kwa macho unaonekana mzima, mbavu zote zipo, kumbe mabonde kati ya mbavu yameshatanuka, mkanda umezama mpaka kwenye sakafu ya mfereji na haujibani tena ubavuni. Kwa hiyo mkanda usio na ufa hata mmoja unaweza kuwa umekwisha.

Tuingie kwenye kupima. Zima injini, toa ufunguo, ngoja ipoe. Vua saa, pete, mtandio, chochote kinachoning'inia, na kama una nywele ndefu zifunge. Naomba usilichukulie hilo kama maneno ya kawaida ya tahadhari: feni ya umeme ya rejeta inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na mkanda unaozunguka hauachii kidole.

Chukua tochi, uufuate mkanda mzima kwa macho. Unatafuta unyevu. Pitisha kidole upande wa ndani, kwenye mbavu: ukitoka na mafuta, au na utelezi wenye harufu tamu tamu wa maji ya rejeta, umeshapata sababu ya kelele, na hakuna mkanda mpya utakaodumu mpaka uvujaji huo uzibwe. Niliwahi kuletewa gari lililokuwa limekula mikanda mitatu ndani ya mwaka mmoja. Tenshena nzima, puli zimenyooka, kila kitu safi kwa macho. Nikaweka kipande cha karatasi nyeupe chini ya bomba la stelingi, nikaliacha linguruma dakika kumi. Tone moja jekundu. Lilikuwa linatoka kwenye klipu iliyolegea, linadondokea nyuma ya puli ya pampu, linarushwa kwenye mkanda kila gari linapokata kona. Klipu ile ndiyo iliyokuwa tatizo la mwaka mzima. Kwa kuwa gari lako linalia hasa ukikata usukani, angalia mabomba ya stelingi kwa makini, na angalia kiwango cha mafuta yake kama kinashuka.

Baada ya hapo soma maandishi mgongoni mwa mkanda. Utakuta kitu kama 6PK1230. Maana yake ni mbavu 6, aina ya PK, urefu milimita 1,230. Linganisha na namba inayotakiwa kwa injini yako. Mkanda uliozidi urefu kwa sentimita mbili utaingia bila shida na utafanana na ulio sahihi, ila tenshena itakuwa imefika mwisho wa mwendo wake na haina tena cha kusukuma. Mkanda uliowekwa miezi mitatu iliyopita na kuanza kulia mapema ni lazima usomwe namba. Tenshena nyingi pia zina alama: mshale au kamstari kwenye mkono, na mistari miwili kwenye mwili wake. Mshale ukiwa nje ya mistari hiyo, ama mkanda si wake, ama umekwisha, ama tenshena imechoka.

Sasa washa injini, simama pembeni, usimame mbali na mstari wa mkanda, uangalie mkono wa tenshena kwa tochi. Mtikisiko mdogo ni wa kawaida. Ukiona mkono unarukaruka, kuna jambo. Mara nyingi ni tenshena yenyewe, lakini magari mengine yana puli ya alteneta yenye klachi ndani, inayoiruhusu alteneta kuendelea kuzunguka injini inapopunguza kasi ghafla. Klachi hiyo ikikwama, kila mpigo wa injini unafika kwenye mkanda, na tenshena inapigwa kama ngoma. Angalia pia puli ya krenki. Nyingi zimetengenezwa kwa vyuma viwili vilivyounganishwa na mpira katikati. Mpira ukioza, pete ya nje inayumba kushoto kulia ikizunguka. Hiyo utaiona wazi, na ukiiona usiendelee na safari, kwa maana inaweza kuchomoka.

Kuna jaribio la maji ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Weka maji safi kwenye chupa ya kupulizia, kelele ikiwa inaendelea, pulizia kidogo upande wa mbavu za mkanda, mbali na alteneta. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: tafuta mvutano, mafuta, au mkanda uliokwisha. Mlio ukipotea kwa muda kisha ukarudi maji yakikauka, puli haziko kwenye mstari. Fanya mara mbili, asubuhi kwa ule mlio mkali, na baadaye kwa sauti ya kifaranga. Sitashangaa ukipata majibu mawili tofauti, na yote mawili yawe kweli.

Kelele isipobadilika hata kidogo kwa maji, acha kuulaumu mkanda. Hapo unasikiliza beringi. Beringi iliyokwisha kwa kawaida hailii kama kifaranga. Inakoroma, inasaga, inavuma. Njia ya uhakika ni kutoa mkanda na kuzungusha kila puli kwa mkono, moja baada ya nyingine. Puli ya kupitishia mkanda, ile isiyoendesha kitu, ikiwa nzima inazunguka kimya, na ina uzito kidogo kwa sababu ya grisi. Ikiwa imekauka inazunguka muda mrefu bila kusimama, na ukisogeza sikio unasikia shhh, kama mchanga mkavu kwenye bati. Tikisa kila puli mbele na nyuma: isicheze. Puli ya pampu ya maji ikicheza, au ukiona michirizi mikavu ya maji ya rejeta chini yake, pampu inaondoka. Mkanda ukiwa nje unaweza pia kuwasha injini kwa sekunde 20 au 30 usikilize. Kelele ikiwa imepotea, iko kwenye kimojawapo cha vile ulivyozungusha. Usizidishe muda huo, kwa sababu pampu ya maji huenda haizunguki.

Na ile alteneta uliyoambiwa ubadilishe, ipime kabla ya kuihukumu. Kwa mita ya umeme, betri iliyojaa na kupumzika inasoma kama volti 12.6. Injini ikiwa imewaka isome takriban 13.5 hadi 14.7. Ikisoma hivyo, na puli yake inazunguka kimya bila kucheza, alteneta yako haina kosa. Pampu ya stelingi nayo ihukumiwe kwa vitu vyake: inavuja, inanguruma, au usukani umekuwa mzito. Kama hamna hata kimoja, iache.

Umeuliza kama unaweza kubadilisha mkanda mwenyewe. Kwenye magari mengi ndiyo, na wewe mwenye moyo wa kuchafuka unaweza. Kabla ya kugusa, piga picha ya njia ya mkanda kutoka pembe mbili, kisha uichore kwenye karatasi hata kama kuna karatasi ya maelekezo chini ya boneti. Watu wenye uzoefu wamekaa saa nzima wakibahatisha mkanda unapita juu au chini ya puli gani. Toa waya wa hasi wa betri. Tenshena ina kichwa cha nati au tundu la mraba. Weka kifaa chenye mkono mrefu, ivute polepole mpaka mkanda ulegee, uuchomoe kwenye puli iliyo rahisi kufikika, halafu iachie tenshena polepole. Usiiachie irudi kwa kishindo.

Hapo ndipo unapofanya vile vipimo vya kuzungusha puli, na hapo ndipo unaposafisha. Kazi hii ya kusafisha wengi wanairuka, na kwa gari lako, lililopuliziwa dawa, ndiyo ninayokusihi usiiruke. Piga kila mfereji kwa brashi na dawa ya kusafishia breki iliyopuliziwa kwenye kitambaa, mpaka kitambaa kitoke safi. Mkanda mpya ukiwekwa kwenye puli yenye uji ule, umeuharibu siku ya kwanza.

Kuweka mpya ni kinyume cha kutoa. Mbavu zinakaa kwenye puli za mifereji, mgongo laini unakaa kwenye puli laini. Usiupandishe kwa kuukwangua na bisibisi. Unakata nyuzi za ndani na hutaziona mpaka siku zikikatika. Ukimaliza, pitisha kidole kila puli kuhakikisha hakuna ubavu uliobaki nje ya mfereji. Ni kosa dogo sana kwa macho, na mkanda unachanika ndani ya dakika chache. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili, angalia tena, ndipo uwashe. Ila kama huoni tenshena yoyote wala boliti ya kukazia, usianze: baadhi ya injini zina mkanda wa kunyumbuka, unaowekwa kwa kuvutwa kwa kifaa maalumu. Huo mwachie fundi.

Sasa chaguo zako. Unaweza kubadilisha mkanda peke yake, umeshajaribu, umeona. Unaweza kufuata ushauri wa kubadilisha kila kitu. Kelele huenda ikaisha, lakini utakuwa umelipia alteneta na pampu kwa kosa la springi. Ninachokupendekezea, kama vipimo havikuonyesha uvujaji wala puli nyingine mbovu, ni tenshena mpya pamoja na puli ya kupitishia mkanda na mkanda wenye namba sahihi, vyote kwa pamoja. Vimetembea umbali uleule, na kazi ya kuvifikia ni moja. Tenshena iliyotumika kutoka gari jingine siipendi hata ikiwa ya kampuni iliyotengeneza gari, kwa sababu unachonunua pale ni springi, na springi ya miaka 14 huijui imebaki na nguvu gani.

Kuendelea kuliendesha kwa siku chache huku unapanga: kwa kelele ya asubuhi peke yake, safari fupi, sioni tatizo, mradi umeukagua mkanda na haujachanika nyuzi. Lakini taa ya betri ikiwaka ukiwa njiani, usukani ukawa mzito ghafla, au ukasikia harufu ya mpira unaoungua, egesha uzime. Vyote viwili vya kwanza vikitokea pamoja, mkanda umeshakatika au umetoka, na kama ndio unaozungusha pampu ya maji, sindano ya joto itaanza kupanda ndani ya dakika chache. Injini iliyochemka inaweza kupinda silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Usijidanganye na "nyumbani si mbali."

Sasa ile hofu ambayo hukuitaja. Umesema huna kumbukumbu ya matengenezo. Maana yake hujui mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, kama gari lako lina mkanda na si mnyororo. Mkanda huo ndio unaounganisha krenki na kemshafti, shafti inayofungua valvu, ili valvu zifunguke na kufunga pistoni ikiwa mahali pake. Kwenye injini nyingi pistoni na valvu zinatumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika, zamu inavurugika, pistoni inagonga valvu zilizo wazi, zinapinda, na injini inafunguliwa yote. Na haukupi mlio wa kukuamsha: wenyewe hauna beringi ya kulia, na hautelezi kwa sababu una meno. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Watengenezaji wengi huweka muda wa kuubadilisha kati ya kilomita 100,000 na 160,000, au idadi fulani ya miaka, kinachotangulia. Kitabu cha gari lako ndicho kitakachosema hasa. Kwa kilomita 187,000 bila karatasi, chukulia kwamba haujabadilishwa.

Hiyo si kazi ya kujifunzia uani. Mpelekee fundi anayeijua injini hiyo, mwenye vifaa vya kufungia taiming, na mwambie abadilishe na tenshena yake, puli zake, sili za mafuta zikionyesha unyevu, na pampu ya maji kama inaendeshwa na mkanda huo. Mwambie pia akuonyeshe mkanda wa zamani. Na kwa sababu ili kuufikia lazima atoe mkanda wa nje kwanza, kazi zote mbili zinaweza kufanyika siku moja kwa fundi mmoja, na ile tenshena inayokunyima raha asubuhi ikaingia humohumo. Kama hela haitoshi kwa vyote, anza na taiming, uvumilie kelele. Najua si jibu ulilolitaka.

Nenda kwa fundi bila kujaribu mwenyewe pia ukiona puli ya krenki inayumba, ukisikia kugonga au kusaga kunakotoka nyuma ya kifuniko cha taiming, au kama nafasi kati ya injini na ubavu wa gari ni finyu kiasi kwamba lazima gari liinuliwe na gurudumu litolewe. Chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake usiingie.

Ukifika kwake, usimwambie "nibadilishie alteneta." Mweleze kama ulivyonieleza mimi, ongeza majibu ya maji, namba ya mkanda, volti ulizosoma, na liache gari kwake usiku mmoja ili alisikie likiwa limepoa. Na kazi ikiisha, andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha utepe mweupe, ukibandike chini ya boneti pale atakapokiona yeyote atakayelifungua gari hilo baada yako.